Anga la Sakania, Kuanzia Kumi Kushuka

Shemeji yangu wa Sakania anaishi kwa karatasi. Lori la shaba likitaka kuvuka kwenda Zambia, yeye ndiye anayekimbizana na mihuri forodhani, na siku hizi hukitazama kila kitu kwa jicho hilo. Niliposhuka kwake mwezi wa tano, darubini ya macho mawili ikining'inia shingoni, hakuniuliza habari za Lubumbashi wala za dada yake ambaye ni mke wangu.

"Shemeji, hiyo jumeli ina karatasi?"

Haina. Niliinunua sokoni kwa kijana aliyeapa kwamba inavuta mara 90, na kweli hiyo 90 imeandikwa ubavuni kwa rangi ya dhahabu. Nyumbani nikachukua rula. Lenzi ya mbele ilikuwa milimita 50. Kisha nikaielekeza kwenye mbingu nyeupe ya mchana, mbali na jua, nikaishika umbali wa mkono na kupima kile kiduara cha nuru kinachoonekana kwenye kioo cha kutazamia: milimita 5. Hamsini gawanya kwa tano. Kumi! Rangi ya dhahabu ilikuwa imeongeza themanini za bure. Lakini kumi kwa hamsini ndicho kipimo ambacho ningekiomba kama kingeandikwa kweli, kwa hiyo kijana alidhani ananiibia na mimi nikaondoka na nilichokitaka.

Nia yangu ilikuwa kumwonyesha shemeji vitu kumi vya mbali kabisa, vishada vya nyota, nebula na galaksi, nikihesabu kuanzia kumi kushuka hadi moja. Tatizo ni taa. Ukitazama ramani utadhani Sakania ni giza tupu, mji mdogo ndani ya ule mkia wa Kongo uliojichomeka tumboni mwa Zambia. Sasa toka uani usiku. Kusini kuna Ndola. Magharibi, Kitwe. Kaskazini-magharibi, Mufulira. Yote ni miji ya shaba, na shaba haina saa ya kulala. Upande wetu nao kuna mgodi, kuna maduka, kuna malori yaliyopanga foleni na dereva mmoja katika kila watano anayelala huku taa zinawaka. Reli ilifika hapa mwaka 1909, mwaka mmoja kabla ya kufika Lubumbashi. Sakania ilikuwa mlango wa Katanga kabla nyumba yenyewe haijajengwa, na taa ya mlangoni haizimwi.

Nuru hiyo yote hupanda, hugonga vumbi na hewa, ikarudi kama pazia la kijivu. Na hapa ndipo kanuni ya orodha hii ilipo. Nyota ni nukta. Darubini yenye lenzi ya milimita 50 hukusanya nuru mara 50 kuliko mboni ya jicho iliyopanuka milimita 7, na nukta ikikuzwa hubaki nukta, tena kali zaidi, huku pazia nyuma yake likitandazwa na kufifia. Wingu la nuru halina bahati hiyo: ukilikuza, linatandazwa pamoja na pazia, na wote wawili wanafifia kama wezi waliofungwa pingu moja. Kwa hiyo sikupanga kwa uzuri. Nimepanga kwa ubishi: nani anakataa kuzimwa.

Masharti ya uani yalikuwa mawili. Dakika 20 gizani kabla ya kutazama, ili macho yazoee. Na simu ya shemeji ikae mfukoni. Sharti la pili lilivunjwa mara kumi na moja.

10. Wingu Kubwa la Magellan

Galaksi jirani, umbali wa miaka nuru kama 160,000. Penye giza la kweli huonekana kwa macho matupu, kama kipande cha Njia ya Maziwa kilichokatika na kudondoka pembeni. Kutoka Sakania hupanda nyuzi kama 33 tu juu ya upeo wa kusini, na chini yake, asante sana, kuna Ndola. Isitoshe saa zake nzuri za jioni ni Desemba hadi Machi, wakati sisi tunatazama mvua. Ukilitaka wakati wa kiangazi ni lazima uamke alfajiri ya mwisho wa Agosti, na mwisho wa Agosti pori linaungua na moshi umejaa mpaka ndani ya neti ya mbu.

"Kwa hiyo," akasema shemeji, "umeniamsha nione wingu lililofichwa na wingu."

Limeingia kwenye orodha kwa heshima ya ukubwa wake. Tusonge.

9. Galaksi ya Andromeda

Hii angalau iko upande wetu mzuri. Hupanda nyuzi 36 kaskazini, na kaskazini ya Sakania ni miombo tu, hakuna mtu mwenye fedha ya kuangaza miti. Mwezi wa kumi, saa tatu usiku (saa 21 kwa hesabu ya shemeji, ambaye ana saa ya ofisi hata akiwa kwenye kandambili), inakaribia kilele chake.

Mwanaastronomia wa Uajemi, Abd al-Rahman al-Sufi, aliiandika mwaka 964 kama kiwingu kidogo. Aliiona bila lenzi yoyote. Nuru yake imesafiri miaka milioni 2.5, na baada ya safari yote hiyo inafika hapa na kukutana na taa ya baa. Kinachobaki ni kitovu chake tu, doa la mviringo lisilo na mikono wala mapambo.

Shemeji alitazama, akashusha darubini, akafuta lenzi kwa shati, akatazama tena.

"Nilidhani ni alama ya kidole," alisema. "Bado ipo. Sasa naamini."

8. Gunia la Makaa

Hapa nilikosea, na nilikosea mbele ya watu.

Kando ya Msalaba wa Kusini kuna doa jeusi ndani ya Njia ya Maziwa, wingu la vumbi lililo miaka nuru kama 600 kutoka kwetu, linaloziba nyota zote zilizo nyuma yake. Wanaastronomia huliita Gunia la Makaa. Nilidhani kwamba katika Katanga nzima hakuna kitu cha mbinguni kitakachoeleweka haraka kuliko hiki. Mtu hapa hazaliwi bila kuona baiskeli inayosukumwa kutoka porini na magunia matatu ya makaa yamesimama juu yake kama ukuta, na mwenye baiskeli haonekani, ila miguu. Nikaeleza kwa dakika tano. Nikaeleza hata vumbi lenyewe, kwamba humo ndani ni baridi kuliko Juni ya Sakania mara nyingi. Nikaelekeza kidole.

Hakukuwa na kitu. Msalaba ulikuwepo, nyota zake nne zimekaa sawasawa, na pembeni yake kijivu kilekile cha kila mahali.

Ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu vyangu vililisema na mimi sikulisikia. Kitu cheusi kinahitaji weupe nyuma yake. Gunia la Makaa huonekana kwa sababu Njia ya Maziwa inang'aa kulizunguka. Taa zikiifuta Njia ya Maziwa, gunia nalo linakwenda. Kati ya vitu vyote kumi, hiki ndicho ambacho taa hukifuta bila kubakiza hata doa. Giza lenyewe ndilo la kwanza kuibiwa.

Mama mkwe wangu alikuwa jikoni, mgongo umeelekea kwetu, kwa sababu ya heshima ya ukwe mimi na yeye hatutazamani na maneno yetu hupita kwa shemeji kama barua. Barua ikaja.

"Mama anasema, mkwe akimaliza kutafuta makaa ya mbinguni, amletee ya hapa chini. Mbabula inazimika."

7. Kishada cha M4, jirani wa Antares

Antares ni ile nyota nyekundu kwenye kifua cha kundi la nyota la Nge. Telezesha darubini kidogo sana magharibi yake, nyuzi moja na kitu. Umeona? Hata mimi sikuona. Ni kishada cha duara, kati ya vile vilivyo karibu nasi kuliko vyote vya aina yake, miaka nuru kama 6,000, lakini nyota zake zimetawanyika mno na pazia limekimeza. Usiku mmoja kati ya sita kinajitokeza ukitazama pembeni yake kidogo badala ya kukitazama usoni, maana pembeni mwa jicho ndipo zilipo chembe zinazohisi nuru hafifu.

Shemeji: "Kama mwenye deni. Ukimwangalia moja kwa moja, hayupo."

6. Sanduku la Vito

Nitasema neno ambalo litaniletea maadui: kwa darubini ya macho mawili, kitu hiki kinasifiwa kupita kiasi. John Herschel, aliyetazama anga la kusini kutoka Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1834 hadi 1838, alikifananisha na kito cha rangi nyingi, na jina likaganda. Lakini Herschel alikuwa na darubini kubwa yenye kioo cha karibu nusu mita. Sisi tuna 50 za milimita na mikono inayotetemeka kwa baridi.

Utakachoona karibu na mkono wa kushoto wa Msalaba ni kijipembe kidogo cha nuru, nyota tatu nne zilizobanana kwa umbali wa miaka nuru 6,400. Ni kikaidi, hilo nakubali. Hata taa za foleni ya malori hazikukizima. Ila ni kidogo. Egemeza viwiko juu ya ukuta, au juu ya paa la gari la mtu asiyekujua, na rangi zitaanza kutengana: buluu, buluu, na kati yake moja ya chungwa.

Nilimwahidi shemeji vito. Mtu wa mkoa wa shaba na kobalti haridhishwi kirahisi na vito.

"Hii ni sampuli," alisema. "Mzigo uko wapi?"

5. Nebula ya Lagoon

Iko katika kundi la nyota la Mshale, na kwetu inapita nyuzi 12 tu kutoka utosini. Hiyo ni faida kubwa: juu kabisa ndipo pazia la taa ni jembamba kuliko mahali popote, kwa kuwa unatazama hewa kidogo zaidi. Hasara ni shingo. Tandika mkeka ulale chali, na umwambie mwenye nyumba mapema, maana jirani aliyeniona nimelala uani mwezi wa nane, mikono usoni, alimwita shemeji kwa upole akamuuliza kama kuna msiba.

Nyota zake zinaonekana vizuri, wingu lake kwa shida.

Mtauliza Nebula ya Jabari iko wapi katika orodha hii, kwa kuwa ndiyo maarufu kuliko zote na kwetu inapita karibu kabisa na utosi. Iko Januari. Januari nimeiona mara mbili, mara zote kwa muda wa kupiga chafya, kati ya wingu moja la mvua na lingine. Siwezi kumpa cheo mtu asiyefika kazini.

4. Nebula ya Carina, na Kilimia cha Kusini chini yake

Sasa tunaingia kwa wakaidi wa kweli. Usiku wa mwezi wa tano, giza likiingia tu, geukia kusini. Kutoka Msalabani nenda kulia kiasi cha ngumi moja na kitu, mkono ukiwa umenyooshwa. Kuna kiwingu kinachoonekana hata bila lenzi, hata Ndola ikiwaka chini yake. Weka darubini: nuru imegawanyika vipande kwa mistari ya giza, na nyota zimemwagika juu yake kama unga.

Ukishusha darubini kidogo, bila kuiacha nebula itoke juu ya duara, kinaingia kishada kiitwacho Kilimia cha Kusini, nyota chache kali za buluu. Ni pointi tupu, na taa hazina la kuzifanya.

Ndani ya nebula kuna nyota moja, Eta Carinae, yenye historia ya ugomvi. Katika miaka ya 1840 ililipuka bila kufa, na mwaka 1843 ikawa ya pili kwa mng'ao katika anga lote la usiku, nyuma ya Sirius tu, ingawa iko miaka nuru kama 7,500 kutoka kwetu. Kisha ikafifia mpaka ikapotea machoni. Siku hizi imerudi kidogo na darubini yetu inaiona. Ilitupa nje gesi yenye uzito wa majua zaidi ya kumi na bado ipo.

"Mimi namjua mtu wa namna hiyo," shemeji alisema. "Anafanya kazi ofisi ya tatu kushoto."

Lakini aliyenishangaza zaidi katika habari hii ni mwanaastronomia wa Kifaransa, Nicolas-Louis de Lacaille. Alifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751, akakaa akihesabu nyota za kusini, karibu 10,000, na njiani akaandika vitu 42 vyenye ukungu, nebula hii ikiwa mojawapo. Kazi ile kubwa aliifanya kwa kidarubini chenye lenzi ya nusu inchi, milimita kama 13, kinachokuza mara 8. Piga hesabu. Jumeli ya sokoni, ile ya uongo wa dhahabu, hukusanya nuru mara kumi na tano kuliko chombo chake. Alikuwa na giza, sisi tuna kioo. Tangu nisome hilo nimeacha kulalamikia vifaa. Nalalamikia taa tu.

3. M7 na M6, mkiani mwa Nge

Hivi ni rahisi na ndiyo maana vinapendwa. Fuata mkia wa Nge mpaka kwenye mwiba. Vishada viwili vinakaa hapo juu yake, na vyote vinaingia katika duara moja la darubini. M7 ni kikubwa, nyota kama 80, umbali wa miaka nuru 980, kimeandikwa na Ptolemy wa Misri karibu mwaka 130. M6 ni kidogo na kiko mbali zaidi, na wengi huona umbo la kipepeo.

Hiyo herufi M ni ya Charles Messier, Mfaransa aliyekuwa akiwinda nyota zenye mkia. Alichoshwa na vitu vinavyofanana nazo lakini havisogei, akaanza kuviandika ili asidanganyike tena. Leo orodha yake ina vitu 110 na watu hutumia maisha yao kuvitafuta. Zile nyota zake za mkia ni wachache wanaozikumbuka.

Shemeji aliipenda habari hii kuliko zote. Katika kazi yake, alisema, nusu ya maarifa ni kujua lori ambalo huna haja ya kulifungua.

2. Kilimia

Usiku mmoja tulikuwa na mgeni, dereva Mtanzania aliyeegesha karibu na ukuta wetu siku ya tatu akisubiri zamu. Alisikia Kiswahili, akaomba maji, akabaki. Alimwita shemeji "kaka", nasi tulimwita "ba dereva", na kwa robo saa tulibishana kama kile nilichoshika ni jumeli au darubini. Ilikuwa Novemba mwanzoni, mvua ya kwanza imeshapita na kuosha moshi wote, na mashariki, juu ya paa la lori lake, kilikuwa kimechomoza kile kifungu kidogo cha nyota.

"Hicho Kilimia," alisema dereva, bila kuulizwa.

Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo: miaka nuru 444, nyota sita kwa macho ya kawaida, makumi kwa darubini. Yeye alikuwa na methali ya pwani: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tukaijaribu kwa hali ya hewa ya hapa, tukihesabu kwa vidole. Mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei Kilimia huzama magharibi pamoja na jua, na hapo mvua zetu nazo zinaaga. Mwezi wa sita hurudi mashariki alfajiri, kavu na baridi. Novemba huchomoza jioni, mvua zikianza. Jina lenyewe linatoka kwenye kulima. Wakulima wa pwani na wakulima wa huku hawakuwahi kukaa kikao kimoja, na kalenda imekubaliana nao wote.

Kwa ubishi dhidi ya taa, Kilimia hakina mpinzani. Nimekiona katikati ya Lubumbashi, juu ya bomba la moshi la kiwanda, chini ya taa ya barabarani iliyokuwa ikipepesa. Ukikiwekea darubini, taa zote zinasahaulika: nyota za buluu-nyeupe zimejaa duara, kali, safi. Kingekuwa namba moja kama nisingekuwa na sababu zangu.

Barua ikaja kutoka jikoni, safari hii ndefu. Mama anasema kile hakihitaji kioo, yeye amekiona tangu utotoni na ndicho kilichowaambia wazee wake lini washike jembe. Lakini kama mkwe anahitaji kioo, si vibaya, kila mtu na macho yake.

Dereva alicheka mpaka akakohoa.

1. Omega Centauri

Mwezi wa tano tena, mwaka mzima tangu lile swali la karatasi. Kiangazi kimeanza, hewa imeoshwa, baridi inauma vidole. Saa tatu usiku.

Njia ya kuifikia ni hii. Kushoto kwa Msalaba kuna nyota mbili kali zinazouelekea. Chukua ile iliyo karibu na Msalaba, panda juu hadi nyota ya wastani inayofuata, kisha panda tena umbali uleule. Hapo, nyuzi 55 juu ya upeo, juu ya vurugu zote za Ndola, kuna kitu ambacho kwa macho ni nyota isiyokaa sawa kwenye mwanga, na kwa darubini ni mpira. Mpira wa nuru, mnene katikati, unaoyeyuka pembeni. Kanuni yangu ya nukta na mawingu inavunjika hapa na sijali: nuru imerundikana mahali padogo kiasi kwamba pazia linapita mbele yake kama neti mbele ya taa.

Shemeji alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama chochote kisicho na muhuri.

"Ni nyota ngapi humo?"

"Karibu milioni kumi. Miaka nuru 17,000."

"Na nani alizitangaza?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo mwaka mzima. Nikamwambia kwamba mwaka 1603 Mjerumani Johann Bayer alichora ramani ya anga na kukipa kitu hiki herufi yake, omega, kama alivyoipa nyota yoyote. Nyota moja. Kwamba mwaka 1677 Edmond Halley, kijana wa miaka ishirini tu, akiwa kisiwa cha St Helena ambacho kiko kusini kama sisi, nyuzi chache tu zaidi, ndiye aliyeona kwamba hii si nyota bali kitu chenye ukungu.

Shemeji alishusha darubini.

"Subiri. Mzigo wa milioni kumi, ukapita miaka yote hiyo umetangazwa kama kipande kimoja?"

"Kipande kimoja."

"Na hakuna aliyefungua?"

"Halley alichungulia. Na mwaka 2024 wanaastronomia wakafungua tena, kwa picha za darubini ya Hubble za zaidi ya miaka ishirini. Wakaona nyota saba katikati zinakwenda mbio kupita kiasi. Kuna kitu kinazivuta. Shimo jeusi, uzito wake si chini ya majua 8,200."

"Katikati," alisema shemeji, kwa sauti ya mtu aliyeona mengi. "Chini ya mzigo halali. Siku zote wanaweka katikati."

Akainua darubini tena, na hapo umeme ukakatika.

Baa ilinyamaza katikati ya gitaa. Maduka yalizimika, taa ya jirani ikazimika, barabara ikapotea. Mgodi uliendelea kuwaka kwa mitambo yake na Ndola haikujua habari zetu, kwa hiyo halikuwa giza kamili, lilikuwa giza la upande mmoja, kama nguo iliyofuliwa nusu. Lakini juu, polepole, kadiri macho yalivyozoea, Njia ya Maziwa ilitoka. Ilitoka kwanza juu ya vichwa vyetu, ikateremka mpaka Msalabani, na pembeni mwa Msalaba, mahali nilipoelekeza kidole mwaka mzima uliopita nikachekwa, kulikuwa na shimo. Jeusi, kubwa, lenye umbo la kitu kilichofungwa mdomo kwa kamba.

Sikusema neno. Nilimwachia.

Shemeji alishika ukuta. Nilisikia mahali fulani mtu akivuta kamba ya jenereta, mara ya kwanza, mara ya pili. Tulikuwa na dakika chache.

"Mama!" aliita kuelekea jikoni. "Lile gunia la makaa la shemeji limeonekana!"

Sauti ikajibu kutoka gizani, kando ya mbabula.

"Lileteni basi."